Siku Mgebuka aliporudishwa mlangoni

Daktari alipitisha kitana chenye meno ya karibukaribu mgongoni mwa paka wangu, Mgebuka, kuanzia shingoni hadi kwenye shina la mkia, mara mbili. Kikatoka na vipunje vyeusi, vidogo kuliko mbegu za mchicha. Akavikung'uta juu ya pamba iliyoloweshwa maji, akasubiri. Vipunje vikaanza kutoa rangi. Wekundu kama wa kutu ukatambaa polepole kwenye ile pamba nyeupe.

"Kinyesi cha kiroboto," akasema kwa upole. "Ni damu ambayo kiroboto ameshaila. Pole sana, huyu leo haingii."

Ilikuwa asubuhi ya Novemba, nje giza halijaisha vizuri, mlangoni mwa ukumbi wa michezo wa mji mmoja wa katikati ya Uingereza, ambako siku hiyo kulikuwa na onesho la paka. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu na vikapu vyao. Kando yangu alisimama Bibi mwenye nyumba niliyopanga chumba, mzee wa miaka 71, na vikapu viwili vya paka wake wa Kihabeshi aliowaandaa tangu kiangazi. Mmoja wao alikuwa na vyeti viwili vya ushindi. Kwa taratibu za kule, paka anaitwa bingwa akipata vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti. Cha tatu ndicho tulichokuwa tumekifuata siku ile. Lakini paka wetu watatu walitoka nyumba moja, na mdudu aliyempanda mmoja huenda amewapanda wote, kwa hiyo tukarudishwa wote.

Safari ya kurudi ilikuwa saa mbili barabarani. Bibi hakusema neno, na mimi nililia nikiwa nimegeukia dirishani. Tulipofika aliweka birika jikoni, akapanda ghorofani, akashuka na kitana cha chuma kama kile cha daktari. "Hiki ni chako," akaniambia. "Kila Jumamosi, paka wote watatu. Tunaanza leo." Nilitamani anigombeze, ingekuwa nafuu.

Kosa langu nitalieleza sawasawa, kwa sababu ndilo lililonifundisha mengine yote. Wiki nzima nilikuwa nimemshughulikia Mgebuka. Nilimwogesha kwa maji ya vuguvugu, nikamkausha kwa taulo, nikampiga brashi laini mpaka manyoya yakang'aa kama hariri. Nilitazama manyoya, sikutazama ngozi. Sikuwahi hata mara moja kuyagawa manyoya kwa vidole nione kilicho chini yake.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Kwetu paka hanunuliwi wala haalikwi. Anazaliwa stoo juu ya magunia, anakua, anabaki, na siku moja mnagundua kuwa ni wa kwenu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda Kibirizi na Mama wakati wa kuanika dagaa, na paka wa mwalo walikuwa wamejipanga kwenye mchanga kama watu waliokuja kwenye mgawo. Paka hao wanaujua mwezi kuliko watoto wa shule. Siku za giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, asubuhi dagaa ni tele na paka wananenepa. Siku za mbalamwezi mitumbwi inalala, na wao wanapanda mjini kutafuta riziki. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3, niliwaona mpaka sokoni Mwanga, mjini Kigoma, mbavu nje.

Tulimheshimu paka, hilo siwezi kulikana. Madrasa tulifundishwa kwamba Mtume alisema paka si najisi, na kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka wake bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia. Lakini heshima yenyewe ilikuwa kutomfukuza na kumtupia kichwa cha samaki. Sijawahi, utotoni mwangu kote, kumwona mtu akimfunua paka masikio amtazame ndani.

Mwaka 2013 nilikwenda Uingereza kusomea mambo ya maabara, miaka miwili. Chumba nilichokipata kilikuwa kwa huyu Bibi, mjane, mfugaji wa paka. Wiki ya kwanza sikuelewa kwa nini mtu aandike shajara ya uzito wa paka. Mwezi wa pili mgongo ulimsumbua, akaniomba nimsaidie kubeba vikapu kwenye onesho. Ndivyo nilivyoingia huko, nikiwa mbeba mizigo.

Aliyewahi kufika viwanja vya Nanenane pale Ipuli, Tabora, akaona mabwana mifugo wakimzunguka dume la ng'ombe, wakimshika nundu, wakimtazama kwato, ameshaona nusu ya onesho la paka. Tofauti ni ukimya. Ukumbi una safu za vizimba vyenye namba, na ndani ya kila kizimba vifaa vinafanana: blanketi jeupe, beseni jeupe la mchanga, bakuli jeupe la maji. Hakuna jina la paka, hakuna picha, hakuna utepe aliowahi kushinda. Maana yake ni kwamba jaji asijue paka huyu ni wa nani. Miaka ile, kabla ya kufika kwenye kizimba ulipita kwa daktari, kama nilivyosimulia. Asubuhi majaji wanapofanya kazi, katika maonesho ya mtindo huo wa zamani wenye paka hutoka ukumbini. Mnakaa nje na chai, mnasubiri matokeo yabandikwe ubaoni kwenye vikaratasi, na watu wazima wenye heshima zao wanasukumana pale ubaoni kama wanafunzi siku ya matokeo ya darasa la saba.

Majaji huvaa koti jeupe. Kila mmoja ana msaidizi anayesukuma kimeza cha magurudumu kutoka kizimba hadi kizimba, na baada ya kila paka wanajisafisha mikono kwa dawa na kuifuta meza. Kila mbegu, yaani aina ya paka, ina maandishi yake yanayoeleza kichwa kiweje, macho yaweje, mkia, koti la manyoya, rangi, na kila sehemu ina alama zake, jumla 100. Jaji hashindanishi paka na paka tu. Anamshindanisha kila mmoja na yale maandishi.

Bibi ndiye aliyenisimulia mwanzo wa mambo haya, na nilipigwa na butwaa kwa sababu ya mwaka. Onesho kubwa la kwanza lililopangwa rasmi lilifanyika London, kwenye jumba la Crystal Palace, tarehe 13 Julai 1871. Mwaka huohuo, mwezi Novemba kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ndipo alipomkuta Livingstone pale kwetu Ujiji, mahali ambapo kila mtoto wa Ujiji amepelekwa na shule akaonyeshwa miembe. Aliyeandaa onesho lile alikuwa mchoraji, Harrison Weir. Aliona paka wa kawaida wa nyumbani anadharauliwa na kuteswa, akataka watu wamkalie karibu wamtazame, waone uzuri wake. Chama cha kitaifa cha paka kilipoanzishwa mwaka 1887 alikuwa rais wake wa kwanza. Baadaye alijiondoa, akilalamika kwamba wanachama wanajali tuzo kuliko paka wenyewe. Bibi alinisimulia hayo akiwa anamkata kucha mmoja wa Wahabeshi wake, na akaongeza kwamba kila anapojaza fomu ya onesho humkumbuka mzee huyo na kujiuliza yeye yuko upande gani.

Mgebuka nilimchukua kwenye makazi ya wanyama walioachwa. Alikuwa paka wa kawaida kabisa, hana mbegu inayojulikana, rangi ya fedha yenye mistari, mwembamba na mrefu. Nilipomwona amejinyoosha nikaona samaki wetu, nikampa jina hapohapo. Bibi ndiye aliyeniambia kwamba maonesho ya kule yana kundi la paka wa nyumbani wasio na mbegu. Hao hawana maandishi ya kupimwa nayo. Wanapimwa kwa tabia, afya na jinsi walivyotunzwa, na wakishakuwa wakubwa sharti wawe wamehasiwa. "Huko ndiko mtu anapojulikana," alisema. "Kwenye mbegu unaweza kushinda kwa pua aliyozaliwa nayo paka. Kwa hawa unashinda kwa kazi yako." Nikajaza fomu, nikalipa, na mengine mmeshayasikia.

Kuanzia ile Jumamosi ya kitana mpaka onesho lililofuata zilipita wiki 17. Nilijifunza kwamba dawa ya viroboto anayopakwa paka shingoni haitoshi peke yake, kwa sababu viroboto wengi wa nyumba hawako juu ya paka bali kwenye zulia na matandiko, wakiwa mayai na mabuu. Tukafua kila kitu, tukapiga ufagio wa umeme mpaka chini ya makabati. Nilijifunza kutazama masikio: uchafu mweusi mkavu kama unga wa kahawa ni dalili ya utitiri. Nilijifunza kutafuta duara lisilo na manyoya, kwa sababu linaweza kuwa choa, na choa kinaruka kutoka kwa paka hadi kwa mtu. Ufizi uwe wa waridi. Mkia upapaswe hadi ncha, usiwe na kifundo.

Na jambo ambalo sikulitegemea: kadiri nilivyomshika kwa utaratibu, ndivyo alivyobadilika. Mwanzoni alikuwa akijikaza kila ninapomgusa miguu ya nyuma. Bibi alisema hatujui alifanywa nini kabla hajafika kwetu. Nikawa nagusa kidogo, naacha. Kesho nagusa zaidi kidogo. Mwezi wa tatu alikuwa analala chali mapajani mwangu nikimkata kucha. Hapo nilielewa kwamba maandalizi ya onesho si ya wiki ile, ni maisha ya paka ya kila siku.

Onesho la pili lilikuwa Machi. Daktari mwingine, kitana, pamba, na pamba ikabaki nyeupe. Nilinunua kitabu cha onesho nikatafuta namba yetu, na palepale, katikati ya majina ya Kizungu, likawa limechapwa neno moja: Mgebuka. Nilikaa nacho muda mrefu kile kitabu. Watu wa ukumbi mzima hawakujua ni samaki, wala hawakujua kuna ziwa refu kupita maziwa yote ya maji baridi duniani lenye samaki huyo. Mimi nilijua.

Alipata nafasi ya tatu katika kundi lake. Alasiri, wakati ukumbi umeshafunguliwa, nikamfuata jaji, mama wa makamo, nikamuuliza aliona nini. Akasema: "Nilipomnyanyua alinilegezea mwili wote. Paka hamfanyii hivyo mgeni kama nyumbani hashikwi vizuri. Nilimjua mwenye paka kabla sijakuona." Bibi alisikia. Safari ya kurudi tuliongea mpaka tukapitiliza njia panda yetu.

Mwaka wa pili niliomba kuwa msaidizi wa jaji. Kazi ni kusukuma kimeza, kusafisha, kumtoa paka kizimbani na kumshikilia. Siku moja ya kazi ile ilinifundisha kuliko miezi ya kusoma, kwa sababu mikono yangu ilipita kwenye mbegu zaidi ya kumi tangu asubuhi hadi mchana. Ukiona picha ya paka unaona sura. Ukimshika unaona maisha yake.

Nilishika Persian, yule ambaye wazee wetu wangemwita paka wa Kiajemi. Sura yake kama ua. Lakini mkononi nilisikia pumzi yake ikivuta kwa kelele, na chini ya macho njia ya machozi imeacha doa la kahawia. Pua iliyobanwa sana huziba njia ya hewa na kuupinda mfereji wa machozi. Maandishi ya Uingereza yamejaribu kuweka mpaka: ukingo wa juu wa pua usipande kupita ukingo wa chini wa jicho, na jaji aliyekuwa nami aliupima kwa kidole chake akamnyima mmoja cheti. Manyoya yale yasipochanwa kila siku yanajisokota hadi yanavuta ngozi. Pia ni mbegu ambayo ugonjwa wa kurithi wa mafigo yenye malengelenge ulikuwa umeenea sana ndani yake. Sasa kuna kipimo cha vinasaba, na mfugaji mwaminifu atakuonyesha karatasi ya wazazi wote wawili kabla hujauliza bei.

Scottish Fold sikuwahi kumshika kwenye maonesho yale, na sababu ni nzuri. Ni yule paka mwenye masikio yaliyokunjika, anayependwa sana kwenye picha za simu. Alianzia kwa paka jike mmoja wa shambani Scotland mwaka 1961. Hitilafu inayokunja sikio iko kwenye gegedu, na gegedu haiko masikioni tu. Iko kwenye kila kiungo. Paka hao huumwa miguu na mkia, wengine tangu wadogo. Baraza linalosimamia paka Uingereza, GCCF, lililoanzishwa mwaka 1910, linakataa kuwasajili. Ninalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeshaulizwa na watu watatu hapa Kigoma wanaomtaka. Msimtake. Anakaa kimya si kwa upole, bali kwa sababu kuruka kunamuuma.

Maine Coon nilimpenda, dume la kilo karibu 8 lililoniwekea mkono begani kama mtu. Mbegu hiyo ina tatizo la moyo linalorithiwa, kwa hiyo nayo ni ya kuulizia vipimo. Koti lake limetengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji.

Wahabeshi wa Bibi ndio niliowajua kwa ndani. Kila unywele wao una rangi mbilimbili kama miviringo, ndiyo maana kwa mbali wanafanana na sungura wa porini. Hawatulii, wanapanda pazia, wanafungua kabati, wanataka mtu wa kushinda naye. Kwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku ni ukatili kumfuga mmoja peke yake. Na jina lao limenifunza kutoamini majina. Husimuliwa kwamba mmoja aliletwa Uingereza na askari waliotoka vita vya Habeshi mwaka 1868, lakini uchunguzi wa vinasaba unaelekeza asili yao upande wa pwani za Bahari ya Hindi na kusini mashariki mwa Asia. Jina la mbegu ni hadithi aliyosimulia mtu wa kwanza kuiuza.

Mbegu ambayo jina lake halidanganyi ni ya jirani zetu Kenya, Sokoke, iliyotoka pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi na Malindi. Wagiriama walikuwa nayo siku zote wakiiita kadzonzo. Mwaka 1978 mwanamke mmoja mwenye asili ya Kizungu aliwaokota watoto wa paka hao shambani, wengine wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirika la paka la Ulaya, FIFe, likawatambua rasmi. Koti lao ni kama ganda la mti. Bibi aliponionyesha picha nikamwambia, mbona hawa ninawajua, miguu mirefu, mkia mwembamba, jicho la kuhesabu. Akaniuliza: "Sasa kwa nini unaniambia kila siku kwenu hakuna paka wa maana?" Sikuwa na jibu.

Nilirudi 2015. Mgebuka nilimwacha kwa Bibi. Kumsafirisha kuliwezekana, lakini alikuwa na miaka tisa au zaidi, alizoea dirisha lake na zulia lake, na safari ya ndege mpaka Dar es Salaam kisha reli mpaka Kigoma ilikuwa kwa faida yangu, si yake. Aliishi hadi 2019. Bibi aliniandikia barua ndefu, na ndani ya bahasha akaweka kile kitabu cha onesho, ukurasa umekunjwa.

Mwaka jana binti wa kaka yangu, anayefanya biashara ya mawese pale Mwanga, alinijia na simu mkononi. "Shangazi, nimempata. Persian, mweupe, Dar es Salaam, wanamtuma kwa basi." Nikamuuliza kama amewaona wazazi wake paka huyo. Hapana. Karatasi za vipimo? Hapana. Ana umri gani? Wiki sita. Nikamwambia wafugaji wa kule nilikokaa hawamtoi mtoto kwa mama kabla ya wiki 13, na anayekuuzia wa wiki sita anakuuzia kiumbe ambaye hajamaliza kufundishwa na mama yake. Chumba chake ni cha bati bila dari. Nikamwomba aniambie mwezi wa tisa, saa nane mchana, joto la chumba kile linakuwaje, kisha ajifikirie na koti la manyoya na pua iliyozibwa. Alininunia siku nne. Siku ya tano akasema, "Basi twende Kibirizi, lakini unichagulie wewe."

Sikumchagulia. Nyuma ya ghala moja la dagaa kulikuwa na paka jike na watoto watatu, mama mwenye ghala anasema wana miezi miwili na nusu. Tukakaa chini kwenye mchanga, karibu nusu saa, bila kumkamata yeyote. Alimtaka palepale aliye mweupe, macho ya buluu. Nikasubiri mtoto huyo ageuke upande wa pili, nikapiga makofi nyuma yake. Wenzake wawili walishtuka. Yeye aliendelea kuchezea jani. Nikapiga tena, karibu zaidi, lakini hakusikia kitu. Paka weupe wenye macho ya buluu wengi wao huzaliwa viziwi. Jambo hilo liko kwenye damu ya rangi yenyewe. Tulimweleza mama mwenye ghala, na kwa kuwa mwalo una pikipiki na mbwa, akakubali kumchukua akaishi nyumbani kwake, ndani ya ua. Nimekwenda kumwangalia mara mbili; amenenepa.

Wa pili alikuwa na tongotongo za kijani na anapiga chafya. Huyo anahitaji matibabu kwanza, na dawa tulimpelekea. Wa tatu, jike, mistari ya kijivu, alitukaribia kwa upande, akarudi, akaja tena, akanusa kidole cha binti, akakaa. Tukamtazama mama yake pia, kwa sababu mama ndiye karatasi ya pekee uliyonayo mwaloni: alikuwa amekonda lakini macho makavu, na alituruhusu tumguse kichwa. Binti alimnyanyua mtoto kama nilivyomwonyesha, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Akapapasa mkia hadi ncha. Akafunua sikio. Akainua mkia akatazama kama ni pakavu. Mimi niliweka mikono nyuma, maana ilikuwa inaniwasha.

Alipofikisha miezi mitatu bwana mifugo alimchanja kichaa cha mbwa, kwani paka naye hukipata na kukiambukiza. Kizazi tulifunga akiwa na miezi sita. Chakula chake ni dagaa waliopikwa bila chumvi, na vipande vya nyama au maini siku zinapopatikana. Samaki mbichi kila siku hapana, kwa kuwa samaki wengi wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 na kupikwa ndiko kunakokiondoa. Ugali peke yake paka haumjengi, hata akiula kwa furaha.

Binti akisafiri kufuata mawese vijijini, paka anakaa kwetu Ujiji. Mama, aliyenicheka miaka yote kwa kuchana paka, mwanzoni alikuwa akitazama tu. Kisha akaanza kuuliza Jumamosi ni lini.

Jumamosi iliyopita nilitoka kazini nikamkuta kibarazani, amekaa kwenye mkeka, miwani puani, paka amelala chali mapajani mwake, na kile kitana cha chuma cha Bibi mkononi. Pembeni ameweka kisosi chenye pamba iliyoloa. "Njoo uone," akasema, sauti ya chini kabisa asimwamshe. Juu ya pamba kulikuwa na vipunje vitatu vyeusi. Nikachuchumaa. Tukavitazama, yeye na mimi, muda ambao sufuria ya maharage jikoni ilichemka ikamwagika. Havikutoa rangi yoyote. Ulikuwa mchanga wa ziwani.